Kutafuta Pamoja: Hotuba Baada ya Kuangalia Filamu ya London River

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni kwenye mkutano wa Waswahili wa kaskazini mwa London, baada ya kuangalia pamoja filamu ya London River. Wenzetu waliokuwa zamu ya usiku wameomba waisome. Nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliojazana kule nyuma karibu na mlango, habari za jioni.

Naona kuna watu bado wanafuta macho. Futeni, hakuna haraka.

Jamani, mmeisikia ile simu? Yule mama anapiga, mashine inajibu. Anaacha ujumbe. Anapiga tena, mashine inajibu. Anajitahidi sauti yake iwe ya kawaida, kama vile anaulizia hali ya hewa tu, lakini kila akirudia unasikia inavyozidi kupungua. Nani humu ndani hajawahi kupiga simu ya namna hiyo? Nani hajawahi kupigiwa? Sisi tulioacha makwetu tunaijua. Namba ikiita bila kupokelewa, watu wanakosa usingizi kuanzia Tottenham mpaka Tanga.

Kwa waliochelewa kwa sababu ya treni, niseme kwa ufupi. London River ni filamu ya mwaka 2009, imetengenezwa kwa ushirikiano wa Uingereza, Ufaransa na Algeria. Mwongozaji ni Rachid Bouchareb, Mfaransa mwenye asili ya Algeria. Ni filamu ndogo, ya fedha kidogo. Waigizaji wakuu ni wawili, mahali pa kuchezea ni mitaa hii hii tunayopita kwenda kununua nyama, na ile milipuko ya mabomu ya London ya 2005 hatuonyeshwi ila kwa ile njia ambayo wengi wetu tuliiona: kwenye televisheni, mtu amesimama katikati ya sebule, hajui aketi au asimame.

Brenda Blethyn ni Elisabeth, mjane anayelima shamba lake katika kisiwa cha Guernsey, kile kisiwa kidogo kilicho karibu zaidi na Ufaransa kuliko Uingereza. Mumewe alikufa katika vita vya Falklands. Ana binti, Jane, anasoma London. Sotigui Kouyaté ni Ousmane, mzee Mwislamu kutoka Afrika Magharibi, anayefanya kazi ya kutunza miti katika misitu ya Ufaransa. Ana mtoto, Ali, ambaye alimwacha akiwa mdogo kabisa na hajamwona tena. Mama wa huyo kijana, aliyebaki Afrika, ndiye anayemsihi mzee: nenda London, mtafute mwanetu.

Kwa nini atafutwe? Kwa sababu ni Julai 7, 2005. Wazee mnaikumbuka. Alhamisi. Siku moja kabla, jiji hili lilikuwa likishangilia kupewa Olimpiki ya 2012. Kisha asubuhi ile, kabla ya saa tatu, mabomu matatu yakalipuka kwenye treni za chini ya ardhi, na karibu saa moja baadaye la nne likalipuka kwenye basi namba 30 pale Tavistock Square. Watu 52 waliuawa. Zaidi ya 700 walijeruhiwa. Simu zikazidiwa. Na ukuta wa kituo cha King's Cross, na vibanda vya simu, na vituo vya mabasi vikajaa picha: umemwona huyu? Piga namba hii.

Sasa nianze.

Ndugu zangu, watu wengi wakiizungumzia filamu hii wanasema ni filamu ya ugaidi. Mimi sikubali. Angalieni mwanzo wake. Kabla bomu halijalipuka, mnawaona watu wawili, kila mmoja na ibada yake, kila mmoja na udongo wake, na hakuna hata mmoja mwenye mtu wa kuzungumza naye jioni. Mama ana punda, ana mboga, ana kanisa la Jumapili. Mzee ana miti. Bomu halikuwaletea upweke. Upweke walikuwa nao miaka mingi, walikuwa wameuzoea, walikuwa wameupangia ratiba.

Na nchi hii tunayoishi imejaa watu wa namna hiyo. Mbunge Jo Cox alikuwa ameanza kuishughulikia habari hii kabla hajauawa mwezi Juni 2016, na tume iliyoendeleza kazi kwa jina lake ilitangaza mwaka uliofuata kwamba watu zaidi ya milioni 9 Uingereza wanajisikia wapweke mara nyingi au wakati wote. Milioni 9! Januari 2018 serikali ikampa waziri, Tracey Crouch, jukumu la kushughulikia upweke. Nilipowaeleza watu wa nyumbani kwamba huku kuna waziri wa upweke, walidhani sijaelewa habari. Lakini Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2025, limesema mtu 1 kati ya 6 duniani ameguswa na upweke. Kwa hiyo tusijifariji kwamba hili ni jambo la Wazungu. Baba zetu waliobaki kijijini na simu ya kutumiwa pesa, watoto wote wako ughaibuni, wale ni nini?

Wengi humu ndani tunafanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Mnajua ziara ya dakika 15 ilivyo. Unaingia, unatoa dawa, unapasha chakula, unaandika kwenye daftari, unatoka. Dada mmoja wa kwetu alinipa ruhusa nilisimulie hili bila jina. Alifiwa na mama yake, Tanga, na hakuweza kusafiri kwa sababu ya makaratasi yake, mnaelewa. Kesho yake akaenda kazini. Bibi anayemtunza ni mtu mkali, hajawahi kumwita kwa jina lake, na siku za mwanzo alikuwa akificha pochi kila akisikia mlango. Siku ile akamtazama mara moja tu, akamwambia: keti. Akaenda jikoni mwenyewe, na mikono ile inayotetemeka, akachemsha maji. Dada anasema alitaka kuinuka kumsaidia, bibi akakataa. Wakanywa chai. Bibi akaanza kumweleza habari za mwanawe aliyemzika miaka mingi nyuma, habari ambazo hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu amzike. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Pale mfiwa alikuwa mmoja, na wa mbali naye akakuta kilio chake kilikuwa hakijaisha.

Nimeileta habari hii kwa sababu inafanana na filamu kuliko hotuba nyingi za kuheshimiana ambazo tumezisikia. Hakuna aliyewakalisha wale wawili darasani awafundishe kuvumiliana.

Nije kwenye hofu, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo panapouma.

Elisabeth anafika Finsbury Park, Blackstock Road. Anakuta binti yake anaishi juu ya duka la nyama ya halali. Anatazama mtaa, maduka ya Waalgeria, wanawake waliojifunika, herufi asizoweza kuzisoma, na uso wake unafunga. Anampigia ndugu yake simu na kulalamika kwamba mahali hapa pamejaa Waislamu. Halafu anagundua Jane alikuwa akijifunza Kiarabu. Kiarabu! Na nani? Kwa nini? Halafu anatokea mzee mrefu mweusi, mwembamba, nywele za kusokotana, fimbo mkononi, anamwonyesha picha: mwanangu huyu, na binti yako huyu, walikuwa darasa moja. Mnaona anavyojivuta nyuma? Anafanya nini baadaye? Anawapigia polisi.

Nilisikia minong'ono mlipofika pale. Kuna mama alisema kwa sauti, "Astaghfirullah, huyu mwanamke!" Nilimsikia, na sikumlaumu. Lakini nawaomba tumtazame Bouchareb alivyomtazama. Hakumfanya mtu mbaya wa filamu. Alimwacha awe mama aliyechanganyikiwa, ambaye siku nne zilizopita alikuwa na binti anayemjua na leo hana hata huyo wa kumjua. Mtu akiwa na hofu hushika kilicho karibu. Yeye alishika yale aliyokuwa akiyasikia kwenye redio.

Na mzee je? Anachukuliwa, anahojiwa, anatoka. Hatukani. Harudi kumlaumu. Na hapa nataka mniangalie vizuri, maana watu hupenda kusema "aliusamehe ubaya kwa sababu alikuwa mzee mwenye hekima." Hapana. Naye ana hofu yake. Hakumlea Ali. Hajui amekuwa mtu gani. Katika siku zile, magazeti yanatafuta vijana wa Kiislamu waliofanya vile, baba ambaye hamjui mwanawe anawaza nini usiku? Mama anaogopa kwamba mwanawe amekufa. Baba anaogopa hilo, na analo jingine kubwa zaidi ambalo hawezi kulitamka. Ndiyo maana nasema yule mzee ananishangaza kila ninapoiangalia. Mtu mwenye mzigo ule, bado anasimama mlangoni mwa mwanamke aliyempeleka polisi, anamsalimu kwa adabu.

Sisi tuna habari zetu za hofu, na si za sinema.

Ndugu zetu Wabarawa wamo humu leo, nawasalimu. Watu wa Barawa, pwani ya Somalia, wanaosema Chimiini, ambacho ukikitegea sikio wewe wa Lamu au wa Unguja utashangaa kujikuta unafuata mazungumzo. Mwaka 2013, Mei 22, askari aliuawa Woolwich, hapa London, mchana kweupe, na waliomuua wakasema wanafanya hivyo kwa ajili ya Waislamu. Wiki mbili baadaye, usiku, kituo cha Wabarawa pale Muswell Hill kikateketea kwa moto. Watu wasiohusika kwa lolote, wanawake wanaofundisha watoto, wazee wanaokutana kunywa kahawa. Kikabaki kuta nyeusi, na Ramadhani iko mlangoni. Waende wapi?

Aliyewafungulia mlango ni nani? Sinagogi. Sinagogi la Finchley Reform, la Wayahudi wa mtaa wa jirani. Wabarawa wakafuturu mle, wakaswali mle, na haikuwa mwaka ule mmoja tu. Mimi nawauliza, ni nani kati yetu angelikubali kabla ya moto ule, akiulizwa: mtaswali tarawehe kwenye sinagogi? Na Wayahudi wale, je, wangeulizwa kwa karatasi, na kura ikapigwa? Lakini kulikuwa na watu wasio na mahali, na kulikuwa na ukumbi mtupu. Meza zikasogezwa, wakaelewana wanakwenda.

Tena, Juni 19, 2017, usiku, ndani ya Ramadhani, hapo Finsbury Park, karibu na mtaa huo huo wa filamu. Mtu akaliendesha gari lake kwa makusudi hadi ndani ya kundi la watu waliotoka kuswali. Mzee mmoja akafariki, wengine wakajeruhiwa. Watu wakamkamata dereva wakamlaza chini. Mnajua ambacho kingefuata. Imamu Mohammed Mahmoud akasimama juu yake pamoja na wenzake, akawazuia watu wasimguse mpaka polisi wamchukue. Imamu yule, Mungu amlipe, hakuwa na muda wa kutafakari. Filamu ilikuwa imetoka miaka minane kabla, na mtaa ule ukatuonyesha kwa macho kitu kikubwa kuliko filamu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Kipi kiliwaunganisha Elisabeth na Ousmane? Tuseme mapenzi? Hakuna mapenzi ya kimahaba mle, na namshukuru mwongozaji kwa hilo, kwa sababu filamu ya fedha nyingi isingeliacha nafasi ile ipite hivi hivi. Tuseme mazungumzo marefu? Wanazungumza Kifaransa, na kwa maneno machache sana. Tuseme dini? Kila mmoja anabaki na yake mpaka mwisho.

Kiliwaunganisha kutafuta. Kutembea. Hospitali, kisha nyingine. Orodha za majina. Chumba cha maiti, ambako mtu mmoja anaingia na mwingine anasubiri nje. Ofisi ya polisi, kiti cha plastiki, namba ya foleni. Walitembea kwanza, wakaelewana baadaye. Walipeana habari kwanza, wakaaminiana baadaye. Na siku Elisabeth anapojua mzee hana pa kulala, anamkaribisha chumbani kwa binti yake, kwa sababu kesho asubuhi kuna kazi ya kufanya na huyu ndiye mwenzake wa kazi.

Ndugu Wakenya, ndugu Watanzania, mnakumbuka Agosti 7, 1998? Ijumaa, kama saa nne na nusu asubuhi. Nairobi na Dar es Salaam, balozi za Marekani zikalipuliwa kwa mabomu, kwa dakika chache za kupishana. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, Dar es Salaam 11, na majeruhi walihesabika kwa maelfu. Waliokuwepo Nairobi wanasimulia hospitali ya Kenyatta ilivyokuwa jioni ile. Mtu ameshika picha ya mkewe ya siku ya harusi. Mtu ameshika kitambulisho cha mwanawe. Wanapitia vitanda, halafu wanasogea kule ambako hakuna anayetaka kusogea. Na Mluo akamshika mkono Mkikuyu, na Mhindi wa Biashara Street akampandisha mpita njia asiyemjua kwenye gari lake, damu kwenye viti, hakuna aliyeuliza kabila. Wenye magari ndio waliokuwa ambulansi.

Na chini ya kifusi cha jengo la Ufundi, pembeni mwa ubalozi, kulikuwa na mwanamke amenaswa. Wakenya mliopo hapa mnajua namsema nani, jina lake hamkulisahau. Alikuwa hai kwa siku kadhaa chini kule. Karibu naye alikuwepo mwanamume, naye amenaswa, hawaonani. Katika giza lile walizungumza. Walitiana moyo. Mwanamume akatolewa akiwa hai, na akawaambia waokoaji: kuna mwenzangu mle, zungumzeni naye, msimwache kimya. Taifa zima likawa linasubiri kando ya redio. Hawakuwahi kumfikia akiwa hai.

Nani alimtuma yule mwanamume? Yeye ameshatoka, ana majeraha yake, ana watu wake wanamsubiri. Angeliweza kufumba macho. Lakini mtu aliyekuwa sauti tu gizani alikuwa ameshakuwa wake.

Mnisamehe, nitakunywa maji.

Hapa London pia, Julai 11, 2005, mama mmoja kutoka Nigeria alisimama karibu na Tavistock Square akiwa ameshika picha ya mwanawe, siku ya nne hajapata habari. Alizungumza mbele ya kamera za dunia nzima. Aliuliza mwanawe yuko wapi. Aliuliza ni akina mama wangapi wavunjwe mioyo. Wale walioisikia siku ile hawakuisahau. Wazungu wa jiji hili walilia na mama wa Kiafrika ambaye dakika tano nyuma angepita mbele yao wasimwone. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile jiji zima lilikuwa mzazi.

Nimeahidi kutosema mengi juu ya uigizaji, lakini siwezi kumpita Sotigui Kouyaté hivi hivi. Alizaliwa Bamako mwaka 1936, katika ukoo wa magrioti wa Kimandinka, watu wanaotunza nasaba na historia kwa mdomo, na ambao kazi yao ya jadi ni pamoja na kupatanisha familia zilizogombana. Maisha yake mengi yalifungamana na Burkina Faso. Aliwahi hata kuchezea timu ya taifa ya mpira. Kisha akaingia kwenye kundi la maigizo la Peter Brook, Paris, akazunguka nalo duniani. Kwa filamu hii alipewa tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kiume, Berlin, 2009. Mwaka uliofuata, Aprili, akafariki. Kwa hiyo mlichokiona leo ni kazi ya mtu mwenye miaka zaidi ya 70, na nadhani ndiyo maana hakuigiza haraka hata mara moja. Anapotembea, anatembea. Anaponyamaza, hasubiri zamu yake ya kusema, amenyamaza kweli. Brenda Blethyn anayumba, anatetemeka, anafunguka na kufunga tena mbele yake, na nafasi ile ya kuyumba ni mzee ndiye aliyempa. Nimeziona filamu zenye bajeti ya kujenga hospitali ya wilaya ambazo hazina dakika mbili kama zile za wawili hawa wameketi chumba kimoja.

Sasa nyinyi vijana kule nyuma, nimewaacha makusudi hadi sasa.

Jane na Ali hatuwaoni wakiishi. Tunaona picha, nguo, chumba. Lakini mnajua walichokuwa wamekifanya? Walikuwa wameshavuka. Ile safari ambayo wazazi wao wanaifanya kwa machozi, wao walishaimaliza wakiwa wanacheka. Walikaa nyumba moja, wakajifunza lugha pamoja, wakakata tiketi za kwenda Paris pamoja. Na hakuna hata mmoja wao aliyemwambia mzazi wake.

Wazazi wenzangu, kwa nini hawakusema?

Msijibu haraka. Jane alijua mama yake angesema nini kuhusu Blackstock Road, na alijua sawasawa. Ali alikuwa na baba asiyekuwepo. Sasa geuzeni macho mje kwetu. Mtoto wako yuko chuo kikuu Manchester, au Leicester, au yuko Dar na wewe uko huku. Unamjua mwenzake wa chumba? Unalijua jina la rafiki ambaye angempigia usiku akipata shida? Unajua anaswali wapi, au kama haswali? Unajua anampenda nani? Au unajua tu kwamba ada imelipwa?

Nauliza kwa upole, na najiuliza mimi pia. Watoto wetu wanatusikia tukizungumza mezani. Tunasema Wasomali wako hivi, Wanigeria wako hivi, Wakristo, Waislamu, Wazungu, wale wa bara, wale wa visiwani. Mtoto anasikia, anakula, ananyanyuka, na anajua tayari ni mambo gani hatakuambia. Elisabeth hakuwahi kumkataza binti yake kitu. Alizungumza tu, kama tunavyozungumza sisi.

Kuna mtu ameniuliza pale wakati wa chai, mbona filamu inawapa matumaini halafu inawanyang'anya? Ile siku wanapoambiwa kwenye wakala wa safari kwamba watoto walikata tiketi za treni, wanacheka kama watoto, wanarudi nyumbani wepesi. Kisha polisi wanakuja mlangoni. Walikuwa kwenye basi. Wote wawili, pamoja.

Mimi nasema mwongozaji alifanya sawa. Angaliweza kumbakiza hata mmoja hai, na sisi tungetoka hapa tumefurahi. Lakini tungetoka na filamu ya watoto waliopotea wakapatikana. Tulichopewa ni cha watu wawili ambao sababu yao ya kuwa pamoja imekwisha, na bado hawaachani mara moja. Kwa muda ule mfupi kabla ya kila mmoja kurudi kwake, hawana tena kazi ya kuwaunganisha, hawana orodha wala foleni, na wanakaa pamoja. Mzee anamwimbia. Hakuna anayefaidika kwa lolote pale. Kisha mama anarudi Guernsey, anaupiga udongo kwa jembe kwa hasira, na mzee anarudi kwenye miti yake. Hawakuhamia nyumba moja. Filamu haituambii kwamba upweke wao umepona, na mimi siwezi kuwaambia hivyo.

Ninachoweza kuwaambia ni cha kwetu hapa. Kabla hatujaondoka, kuna karatasi mbili pale mezani kwa kina mama wa jikoni. Ya kwanza ni ya wale wanaokaa peke yao, hasa waliofika karibuni, hasa wenye kazi za usiku: andika mtaa wako na namba yako. Ya pili ni ya wale wenye gari au wenye Jumapili tupu. Nimewaomba viongozi wasizipange kwa nchi wala kwa dini. Mkongo akipangiwa Mpemba, Mrundi akipangiwa Mkamba, na iwe hivyo. Na kazi msizifanye za kupiga gumzo tu. Mpeleke mwenzio hospitali anapoogopa kwenda peke yake. Mjaze naye fomu ya nyumba. Mtafute naye shule ya mtoto. Mkae naye kwenye kiti cha plastiki mpaka namba yake iitwe.

Na kuna jambo moja la wazee wa Kiingereza tunaowatunza. Wenzetu wa kazi hiyo wakubaliane wenyewe, mwezi ujao, kama tunaweza kuwaalika baadhi yao hapa kula chakula cha mchana. Najua kuna sheria za kazi na ruhusa za familia, hilo tuliangalie vizuri tusimponze mtu. Lakini na tujaribu.

Sasa maswali. Nawaomba akina baba mngoje. Naanza na vijana kule nyuma. Binti mwenye kilemba cha njano, uliinua mkono tangu nilipouliza kwa nini Jane hakumwambia mama yake. Karibu, mwanangu, chukua kipaza sauti, na sema yote.